Sabufa Inapochemka: Jua Joto Linatoka Wapi

[Mlio wa kufungua kipindi. Unashuka polepole.]

Nakala hii imechapwa kwa ajili ya wale ambao hawakutupata hewani, waliokuwa kwenye mgao wa chakula, au ambao betri ya redio iliwaishia katikati. Isome taratibu, ukimaliza mpe jirani.

Leo tunazungumza juu ya sabufa. Wengine wanaiita wufa. Ni lile sanduku lenye spika kubwa ya besi, likifuatana na spika ndogo mbili au zaidi. Kambini tunaikuta kwa kinyozi, kwenye banda la video, kanisani, harusini, na nyumbani kwa mwenye sola. Kwa mtu aliyefika hapa na mfuko mmoja mkononi, sabufa siyo starehe tu. Ni kazi. Inakodishwa, inavuta wateja, inanunua madaftari ya watoto.

Lakini wengi mnaniuliza njiani: "Sabufa yangu inachemka sana mgongoni, niendelee kuipiga?" Kabla sijajibu, acha niwaambie jambo ambalo sijivunii.

Kabla ya kuingia redioni nilikuwa namsaidia kinyozi mmoja hapa kambini. Jirani yetu alikuwa mama mjane. Alikopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, akanunua sabufa ya kukodisha kwenye sherehe. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nilisoma umeme ubaoni, basi mama akaniita fundi wake. Jumamosi moja, harusini, sabufa ilizima. Fyuzi imekatika. Nikaweka nyingine, ikakatika tena. Watu wanasubiri, bibi harusi amesimama mlangoni. Nikachukua uzi mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya, nikauzungushia ile fyuzi iliyokatika, nikairudisha. Sabufa ikalia. Nikapigiwa makofi.

Saa moja na nusu baadaye ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Kisha moshi. Mzee mmoja aliruka akachomoa waya. Turubai lililokuwa nyuma ya sabufa lilikuwa limetoboka tundu la ukubwa wa sahani. Hakuna aliyeumia. Lakini nyumba ile iliezekwa kwa nyasi, na nyumba iliyofuata ilikuwa hatua chache tu. Mnajua ninachosema.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ile fyuzi ilikuwa inakuambia nini?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo nataka tuligawane.

[Muziki mfupi.]

KWA NINI SABUFA INAPATA JOTO

Kwanza tuelewane: sabufa kupata joto si ugonjwa. Ndani ya sanduku kuna mashine mbili zinazotoa joto kila siku. Ya kwanza ni amplifaya, ile inayochukua sauti ndogo ya simu au flashi na kuikuza. Katika sabufa nyingi za bei ya kawaida, sehemu kubwa ya umeme inaoingia, mara nyingi kama nusu, haifiki kwenye spika kabisa. Inageuka joto. Ndiyo maana nyuma kuna bati la alumini lenye mikunjo kama kitana. Kazi yake ni kuchukua joto hilo na kuliachia hewani.

Mashine ya pili ni spika yenyewe. Ndani yake kuna koili, yaani uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, ambao unacheza ndani ya sumaku na kusukuma karatasi ya spika. Kwa spika za nyumbani, katika kila wati 100 zinazoingia, ni wati moja au mbili tu zinazotoka kama sauti. Zilizobaki zote ni joto ndani ya koili.

Kwa hiyo uvuguvugu ni wa kawaida. Hatari ni pale joto linapoingia kwa wingi kuliko linavyotoka. Namna ya kupima bila kifaa ni hii: chomoa sabufa kwenye umeme, kisha mara moja weka kiganja chako juu ya lile bati la nyuma. Hesabu moja hadi tano kwa utulivu. Ukifika tano bila taabu, hapo hakuna neno. Ukiondoa mkono kabla ya tano, bati limefika kama nyuzi 60 au zaidi. Hapo sabufa inakuambia jambo, na ni wajibu wako kuuliza.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA PESA

Usikimbilie kununua kitu wala kumpa mtu pesa. Uliza maswali matatu.

La kwanza: inachemka lini? Ikichemka ukiwa unapiga muziki kwa nguvu kwa saa nzima, hiyo ni habari moja. Ikichemka ikiwa kimya, hiyo ni habari nyingine kabisa.

La pili: inachemka wapi? Gusa bati la nyuma. Gusa upande wenye transfoma, ambao kwa kawaida ndio upande mzito. Gusa waya wa umeme, gusa plagi, gusa inveta kama unayo. Kila mahali pana sababu yake. Na kila mara, chomoa kwanza ndipo uguse.

La tatu: nini kilibadilika? Je, umeihamisha? Umeongeza spika? Umebadilisha jenereta? Sabufa iliyokuwa nzima mwezi uliopita haichemki bila sababu.

Mimi harusini sikuuliza hata moja. Sasa twende kwenye sababu zenyewe. Tunaanza na zile ambazo kuziondoa hakukugharimu kitu.

SABABU YA KWANZA: HAKUNA HEWA

Wengi tunaiweka sabufa kwenye kona, imebanwa na ukuta, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa televisheni. Inapendeza, lakini tumeivalisha koti jua la saa saba.

Fikiria hesabu hii. Bati likiwa na nyuzi 60 na hewa ya chumba ina nyuzi 25, tofauti ni 35. Tofauti hiyo ndiyo inayosukuma joto litoke. Chini ya mabati au turubai mchana, hewa ikifika nyuzi 38, tofauti inabaki 22. Sabufa ni ile ile, wimbo ni ule ule, lakini uwezo wa kupoa umepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ndugu zetu mlioko Kakuma, ambako joto ni kali, hili mnalijua vizuri.

Dawa: acha nafasi ya kama sentimeta 10 nyuma na pembeni. Ondoa kitambaa. Iweke mbali na jua la dirishani na mbali na jiko. Iinue kidogo kutoka sakafuni kwa vipande vya ubao au matofali, maana vumbi letu linaingia kila mahali. Mara moja kwa wiki chomoa, iache ipoe, kisha tumia brashi kavu ya rangi kusafisha mikunjo ya bati na matundu. Usitumie kitambaa chenye maji. Na usifungue sanduku: ndani kuna kapasita kubwa ambazo zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

SABABU YA PILI: TUNAIDAI KULIKO UWEZO WAKE

Kwenye boksi imeandikwa kwa herufi kubwa: wati 5000, na pembeni herufi P.M.P.O. Usiziamini. Hizo ni namba za kuuzia. Geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma. Ukikuta inatumia wati 60, basi haiwezi kutoa sauti inayozidi wati 60. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula.

Tunapotaka ijaze uwanja, tunafungua sauti hadi mwisho, tunapandisha na besi hadi mwisho. Sauti hupimwa kwa desibeli. Ukipandisha besi kwa desibeli 3, nguvu inayotakiwa inakuwa mara mbili. Ukipandisha kwa 6, inakuwa mara nne. Ukipandisha kwa 10, mara kumi. Sikio linasikia nyongeza kidogo, koili inabeba mzigo mzima.

Amplifaya ikifika mwisho wa nguvu zake, sauti inaanza kukwaruza na kupasuka. Wengi wanadhani spika imechoka. Hapana. Ni amplifaya inayosema imefika mwisho, na katika hali hiyo koili zinapata joto jingi zaidi. Kwa hiyo sheria ni rahisi: ukisikia kukwaruza, rudisha nyuma hadi kukome. Rudisha besi kwanza, ndipo sauti. Kama unahitaji kujaza uwanja mzima, unahitaji mashine kubwa zaidi, si kuichapa hiyo hiyo.

SABABU YA TATU: SPIKA ZA NYONGEZA NA WAYA ZILIZOGUSANA

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Nyuma ya spika kuna namba na alama inayofanana na pete iliyofunguka chini. Hiyo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyoupinga umeme. Spika nyingi za sabufa ni omu 4 au 8. Namba ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi unapita.

Sasa, ukichukua spika mbili za omu 4 ukaziunganisha bega kwa bega kwenye tundu moja, chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya haioni 4 wala 8. Inaona 2. Umeme unaotakiwa unakuwa mara mbili, na joto linapanda nao. Siku ile ya harusi nilikuwa nimeongeza spika mbili nje ya ukumbi ili na majirani wasikie. Hakuna kingine kilichokuwa kimebadilika. Fyuzi ilikuwa inasema: mzigo umezidi, toa hizo spika. Mimi nikaifunga mdomo.

Kagua pia ncha za waya. Uzi mmoja tu wa shaba ukichomoza na kugusa upande wa pili, amplifaya inachemka au inazima. Zisokote vizuri, zipunguze, zisigusane.

Na spika yenyewe waweza kuipima nyumbani. Chomoa sabufa, toa waya za spika kwenye mashine. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti. Gusisha waya mbili za spika kwenye ncha mbili za betri, kwa nukta moja tu. Karatasi ya spika inapaswa kuruka kidogo na kutoa mlio mdogo, "tap". Isiporuka, koili au waya umekatika. Kisha bonyeza karatasi kwa vidole vya mikono miwili, polepole na kwa usawa. Ikikwaruza ndani, mara nyingi koili imeungua au imepinda. Spika hiyo usiirudishe kwenye mashine, itaiua.

SABABU YA NNE: UMEME WENYEWE

Kambini umeme wetu hautoki sehemu moja. Kuna jenereta, kuna inveta, kuna betri ya sola. Kila mmoja una tabia yake.

Sabufa nyingi huku zimeandikwa volti 220 hadi 240. Jenereta ndogo isiyorekebishwa vizuri ikienda mbio kupita kiasi inapandisha volti, ikilegea inashusha mzunguko wa umeme chini ya 50. Yote mawili yanaweza kuichemsha transfoma. Inveta nyingi za bei nafuu nazo hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini; transfoma inanguruma hata kabla ya muziki. Jaribu hivi: piga wimbo ule ule, kwa sauti ile ile, kwa muda ule ule, kwenye umeme wa mtu mwingine unaouamini. Ikipoa huko, mgonjwa si sabufa. Ni umeme wako.

Kama sabufa yako ina tundu la volti 12, iunganishe na betri, tena kupitia kidhibiti cha chaji. Usiiunganishe moja kwa moja na paneli. Paneli tunayoiita ya volti 12 inaweza kufikisha volti 18 hadi 22 ikiwa juani bila mzigo. Na waya wa volti 12 uwe mnene. Mashine ya wati 60 kwenye volti 240 inavuta ampea robo tu; kwenye volti 12 inavuta ampea 5, mara ishirini zaidi. Waya mwembamba wa taa utageuka jiko.

Neno moja kwa wenye ndugu waliohamia Marekani: umeme wa kule ni volti 120. Sabufa ikitumwa kutoka huko, soma kibandiko kwanza. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, ukiichomeka kwenye 240 itaungua siku hiyo hiyo. Zipo zenye swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Hakikisha iko upande wa 220 au 230 kabla ya kuchomeka.

SABABU YA TANO: UGONJWA WA NDANI

Ukishamaliza yote hayo, fanya jaribio la mwisho. Ikiwa imezimwa na kupoa, toa spika zote ndogo, toa flashi na waya wa simu. Iwashe, shusha sauti hadi sifuri, kaa karibu nayo kwa dakika 15. Usiondoke. Kisha chomoa na uguse. Ikiwa na uvuguvugu kidogo, ni sawa, transfoma inakula kidogo hata kukiwa kimya. Rudisha spika moja moja, kila moja kwa dakika 15 na sauti ndogo, hadi umpate mwenye kosa.

Lakini ikichemka sana ikiwa kimya, au ikinguruma kwa nguvu, au spika kubwa ikisukumwa nje na kubaki huko mara unapowasha, chomoa na usiwashe tena. Hapo sehemu ya ndani imeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ukienda kwa fundi, nenda na majibu ya maswali yako matatu. Mwambie: "Fundi, inachemka ikiwa kimya, upande wa bati, tangu wiki iliyopita." Utamwokolea muda, nawe utaokoa pesa. Mwombe apime spika kabla ya kubadilisha aisi ya amplifaya, maana spika mbovu itaiunguza aisi mpya usiku huo huo. Mwombe asafishe ile grisi nyeupe ya kupitisha joto iliyokauka, apake mpya, na akaze skrubu za bati. Na mwombe akupe kifaa cha zamani alichokitoa. Fundi mzuri hatakasirika.

[Muziki mfupi.]

FYUZI NA MOTO

Sasa nirudi kwa fyuzi. Fyuzi ni uzi uliotengenezwa makusudi uwe dhaifu kuliko vyote, ili ukatike yeye na nyumba ibaki. Ukiweka waya mahali pake, au karatasi ya sigara inayong'aa, au fyuzi ya namba kubwa zaidi, umechagua kitu kingine kikatike. Hujui ni kipi. Inaweza kuwa transfoma. Inaweza kuwa turubai lako.

Fyuzi ikikatika mara moja, weka nyingine ya namba ile ile. Ikikatika tena, simama. Usiweke ya tatu kabla ya kujua sababu.

Usilale sabufa ikiwa inalia. Usiwaachie watoto wadogo. Ukisikia harufu ya plastiki, usisubiri wimbo uishe: chomoa, au zima jenereta. Kukiwa na moto, toa watu kwanza, piga kelele majirani wasikie. Usimwage maji kwenye kitu ambacho bado kina umeme, tumia mchanga. Weka ndoo ya mchanga karibu na banda la video au ukumbi. Mchanga hapa hatununui.

Yule mama? Sabufa yake haikupona. Transfoma iliungua kabisa. Nilimlipa kidogo kidogo kutoka kwenye posho yangu ya kazi, miezi mingi. Alipopata nyingine, aliniita niiunganishe. Nilishangaa. Nikaiweka wazi, nikaacha nafasi nyuma, nikasoma kibandiko, sikuongeza spika hata moja. Akaleta kiti, akakaa, akaniambia: "Sasa nieleze kila waya unafanya nini." Nikamweleza. Siku hizi akikodisha, anakwenda mwenyewe, na anaweka kiganja nyuma ya sabufa kila baada ya nyimbo chache. Anahesabu hadi tano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwenye mtaa wenu, sabufa zinawekwa wapi? Zina nafasi ya hewa?
2. Nani amewahi kufunga fyuzi kwa waya? Alikuwa anaharakia nini?
3. Kukitokea moto wa umeme usiku, nani anajua mahali pa kuzima jenereta au kuchomoa betri?
4. Kikundi chenu kinaweza kununua fyuzi za akiba na ndoo ya mchanga kwa pamoja?

Hadi hapo ndugu msikilizaji, muda wetu umekwisha. Jioni hii, kabla hujawasha, geuza sabufa yako usome kibandiko cha nyuma. Umsomee na jirani yako asiyejua kusoma. Mimi nawatakia usiku mwema na usalama, hapo ulipo na kule ulikotoka.

[Mlio wa kufunga kipindi.]